Jua la Kalamu Nyekundu

Kaskazini mwa Ureno uko mto uitwao Tua,
na Novemba ukungu hutua juu yake kweli,
ukakaa kama mgeni asiyeulizwa ataondoka lini.
Duka letu la dawa huwasha taa tangu asubuhi.
Wazee huingia wakipangusa miwani,
wale wenye miwani.

Bi Felismina hakuwa nayo.
Mwezi wa kwanza aliisahau nyumbani.
Mwezi wa pili paka aliivunja.
Mwezi wa tatu alinitazama nikikiinamia cheti chake,
akasema polepole, kama alipaye deni kwa sarafu ndogo ndogo:
"Binti, miwani sijapata kuwa nayo.
Shule ilikuwa ng'ambo, na daraja halijajengwa.
Adriano walimvusha begani.
Mimi nilikuwa na mbuzi."

Sikusema neno.
Nilichukua kalamu nyekundu,
nikachora jua kwenye kisanduku cha vidonge vya presha,
miale saba, na tabasamu juu yake,
maana siku ile nilijipenda.
Kwenye kisanduku cha pili, mwezi mchanga.
"Hiki jua. Hiki mwezi."
"Jua, mwezi," akaitikia,
akavitumbukiza mfukoni mwa aproni.

Jioni nilimsimulia mume wangu.
Nikampigia dada yangu simu, nikamsimulia na yeye.

Mwaka ule ukungu ulikaa siku ishirini na moja.
Tulisahau kwamba ng'ambo kuna kilima.
Mizeituni ilivunwa kwa kupapasa,
kengele ya kanisa ilisikika kama imefungwa ndani ya blanketi.

Siku ya ishirini na mbili wakamleta.
Mpwa wake Zeferino kamshika kiwiko,
presha kumi na tisa, midomo rangi ya majivu.
Nikafungua kisanduku.
Vidonge vyote vimo, vimekaa safu kwa safu
kama watoto darasani, mwalimu hajaingia.

"Bi Felismina, mbona hukumeza?"

Hakuona haya. Alishangaa tu,
kama umshangaavyo mtu mzima
anayeuliza kwa nini mvua inalowesha.
"Jua halikutoka."

Na mwezi?
"Mwezi niliuona mara moja, Jumanne, kabla jogoo hajawika.
Nikaamka, nikameza."
Kweli, kisanduku cha pili kilipungua kidonge kimoja.

Nilichora jua, sikujua.
Jua langu lilikuwa saa mbili asubuhi,
lilikuwa neno tu, limevishwa miale,
nami nikadhani nimeacha kuandika.
Yeye alisoma kilichochorwa.
Hakuongeza nukta, hakuruka mstari.
Siku ishirini na moja alisimama mlangoni na glasi ya maji,
akitazama weupe,
akarudi ndani.

Alipopata nafuu nilimuuliza
swali ambalo lilipaswa kutangulia kalamu:
"Asubuhi, ukiamka, unaanza na nini?"
"Kuku. Iwe theluji, uwe msiba, kuku hula.
Siku nilipomzika mume wangu walikula."

Nikajaribu kumchora kuku.
Kikatoka kiatu chenye mkia.
Wateja wawili nyuma yake wakanyoosha shingo,
mmoja akasema labda ni sungura,
na Bi Felismina akacheka, akacheka,
mpaka Zeferino akamshika tena kiwiko.
Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Aliishika kalamu kama sindano,
ncha ikimwelekea mwenyewe.
Akaupa ule mkia wangu manyoya,
akaweka mdomo, jicho,
na chini, kwa kukaza pumzi, punje tatu.

Nikauliza za nini.
Alikuwa bado ameinama, hajamaliza punje ya mwisho.

"Moja yangu," akasema. "Mbili zao."