Safu ya Saba, Tartu

Wamempa koti la ngozi yule anayeniigiza.
Mama ananigusa kiwiko: "Hukuwa na koti lile.
Ulikuwa na sweta la marehemu mjomba wako,
limetoboka kwapani."
Kweli.

Kwenye skrini mvua inanyesha,
maana ugomvi mkavu hauuziki.
Mimi na Kaarel tunakunjana mashati
juu ya daraja la Emajõgi, muziki unapanda,
ukumbi mzima umeshika pumzi.

Haikunyesha.
Ilikuwa Jumanne ya Februari, barafu imeshika madirisha.
Nikala viazi vya jana, nikafungua kompyuta,
ikaniambia nywila yangu si sahihi.
Nikaiandika tena, polepole, herufi moja moja,
kama mtu anayebisha hodi nyumba aliyoijenga mwenyewe
akidhani waliomo wamelala.
Hakuna aliyepiga meza.
Kaarel aliziondoa hisa zangu kwa kidole kimoja,
na sigara aliyokuwa akivuta, nadhani, ilikuwa yangu.

Taa zinawaka. Watu wanajifuta chumvi ya bisi.
Nje baridi inang'ata masikio;
simu inatetemeka mfukoni, ndiyo ile programu yetu,
na uso wake, na lile pengo la meno:
Huenda mnafahamiana.

Mama anachungulia, miwani imeingia ukungu.
"Nani huyo?"
"Mtu wa kwenye filamu," nasema.
Ananikaza skafu shingoni,
analalamikia bei ya tiketi
mpaka kituo cha basi.