Maji Hufuata Chumvi

Kisima cha shangazi Mwanakombo, huko Kisauni,
kilianza kukolea mwaka ule
ghorofa la jirani lilipochimba chake, kirefu zaidi.
Hatukujua mara moja. Chai ndiyo iliyotuambia.
Halafu sabuni ikakataa povu.
Mwisho, mchicha.

Alimwagilia alfajiri, akamwagilia alasiri,
udongo umelowa hata unanata vidoleni,
na majani yamelala
kama kanga iliyoanguka kambani.
"Una kiu gani huu," akasema,
"na miguu imo majini?"
Akauongezea ndoo.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, Tononoka,
hadubini moja, watu arobaini.
Mwalimu Nyamawi alibandua ngozi ya kitunguu chekundu,
nyembamba kama pumzi kiooni,
akaidondoshea tone la maji ya chumvi.
Zamu yangu ilipofika niliona vyumba,
safu kwa safu, kuta zimesimama,
kila chumba kimejaa zambarau mpaka pembeni.
Kisha zambarau ikaanza kusogea.
Ikabanduka ukutani, taratibu,
ikajikunyata katikati
kama mgonjwa chini ya shuka moja.
Nyumba haikubomoka.
Aliyehama ni maji.

"Osmosisi," mwalimu akaandika, chaki ikamvunjikia.
Utando wa seli hupisha maji, huzuia chumvi;
chumvi ilikozidi, maji ndiko yaendako.
Wenzangu walinakili.
Mimi nilikuwa nawaza ndoo.

Maji hufuata mkondo, tulilelewa nalo hilo.
Hakuna aliyetuambia hufuata na chumvi,
kwamba kila ndoo pale bustanini
ilikuwa inachota, hainyweshi.

Jioni nikamweleza. Alikuwa anakata kachumbari,
kitunguu amekitia chumvi, anakifikicha.
"Mbona hilo nalijua," akasema,
akanifungulia kiganja:
vipande vimelegea kama uzi,
maji ya waridi yanamchuruzika hadi kiwiko.
Akanyamaza kidogo.
"Ila sikujua kwamba na shamba nalikamua."

Usiku huo tulichuma shada moja
tukalilaza kwenye beseni la maji ya mvua,
yale ya bati, ya kupikia.
Baada ya Isha shina moja lilikuwa limeinua shingo.
Nililivunja nisikie:
kach.

Mengine hayakuinuka.
Tuliyaacha humo hadi asubuhi,
na asubuhi nayo
tukayaacha.