Koki ya Chaani

Saa tisa usiku, Chaani,
koki ya ploti yetu hulia kabla ya jogoo:
kwiii, kisha kikohozi cha hewa,
kisha kimya.
Huyo ni Mkamburi. Amefungua, hakuna, amefunga.
Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Miaka mitatu nililala nyuma ya ukuta ule
nikimlaani kwa heshima,
maana ni mtu mzima na ndiye hunifulia mashati.
Mimi, karani wa makontena,
Mkristo wa Pasaka na wa harusi za watu.

Siku moja nikamwambia, "Mama, lala. Maji yakija utayasikia."
Akaendelea kukamua shuka.
"Maji hayabishi hodi, baba.
Huja nusu saa, yakaenda zake Magongo."
"Kwa hiyo ukifungua ndio unayaita?"
"Siyaiti. Nataka tu yanikute."

Kisha akafiwa, kwao Wundanyi.
Akaniachia mitungi sita
na daftari lililolowa mafuta ya taa.
"Koki, saa tisa. Daftari, ukiwa unangoja.
Kuomba hujui, najua. Soma majina."
Nani humkatalia mtu aliyejifunga kanga ya msiba?

Usiku wa kwanza nilisoma kumi, mbu wakanifukuza.
Wa pili nilisomea kitandani.
Wa tatu sisemi.
Wa nne nikakaa juu ya ndoo mpaka adhana,
na hakuna kilichotokea.
Hilo nalitaka liandikwe:
moyo haukuwaka, sauti haikuja.
Palikuwa na harufu ya chemba,
taa za kreni kule bandarini,
na majina, kwa mwandiko wa mtu aliyeachia darasa la nne:

*Righa, miguu.*
*Mtoto wa Zaina, kifua.*
*Mwenye nyumba, asipandishe kodi.*
*Mwenye nyumba, amepandisha, asamehewe.*

Na kando ya kila jina vistari vya penseli,
vinne vimesimama, cha tano kimevikata,
vile vile nihesabuvyo mimi makontena gatini.

Usiku wa tisa nikafunua ukurasa ulioshikana, nikakuta:
*Mpangaji mpya, chumba cha tano. Jina sijui. Anakohoa.*
Mwezi ule ule niliohamia.
Mbele kidogo mtu alikuwa amemwambia: *Obadia.*
Vistari vikajaza ukurasa,
vikavuka wa pili, vikapanda pembeni
kama siafu wanaotafuta njia.
Nikaanza kuvihesabu. Ndiyo kazi yangu,
meli nzima sijaikosea hata kasha moja.
Nilikosea.
Nikaanza upya, nikakosea tena.

Nilidhani watu wa namna yake wamezaliwa macho.
Kumbe huamka,
leo tena, mgongo ukiuma, bila hamu.
Twasema mtaka cha mvunguni sharti ainame;
hatusemi huinama mara ngapi
mkono ukigusa vumbi tu.

Maji yalikuja usiku wa kumi na mbili.
Nilikuwa kwa Righa, kwenye miguu.
Kikohozi kikarefuka, bomba likatema kutu,
likatema tena, kisha yakamiminika meupe.
Nikajaza mitungi sita yake,
nikapita nikigonga milango, "Maji! Maji!",
watu wakatoka na sufuria, na beseni, na birika,
Zaina akanishukuru kana kwamba nimeyaleta mimi.
Nikaona haya. Nilikuwepo tu.

Nusu saa, yakakatika.
Wakarudi kulala.
Nikaipindua ndoo, ingali ikichuruzika,
nikaketi.
Yalikuwa yamebaki majina kumi na saba.
Penseli ilikuwa butu;
nikaichonga kwa meno.