Bawabu

Kosa la kwanza lilikuwa langu, mimi na kinu changu.
Kidonge cha kutwa nzima, kigumu kama kokoto,
na koo la Eemeli lilikwisha kufunga duka.
Nikakitwanga. Nikakikoroga katika uji wa shayiri
na kijiko cha beri nyekundu za msituni, kuua uchungu,
nikajiona mke mwerevu.

Haikupita saa, namwita jina, hasikii.
Midomo rangi ya barafu inayokaribia kuyeyuka.
Pumzi moja, kisha hakuna, kisha
hakuna,
kisha nyingine,
kama mtu apandaye ngazi, na katikati akasahau alichofuata juu.

Aliporudi kutoka hospitali ya Kajaani
binti Rautiainen wa duka la dawa hakunigombeza.
Aligeuza risiti, akachora mlango na umati.
"Mama Hilja, humu ndani hamna dawa peke yake.
Mna dawa na bawabu wake.
Huyu hufungua kidogo, apite mmoja, afunge,
hivyo hivyo toka alfajiri hadi usiku.
Wewe ulimtwanga bawabu."

Risiti ile ipo bado, nimeibandika kwenye jokofu.

Siku hizi dawa hukaa begani,
kibandiko chembamba, angavu, kama stempu mbili za posta.
Haipiti tena kooni, haipiti tumboni,
haikutani kwanza na ini, yule mtoza ushuru
alaye nusu ya mzigo kabla haujafika sokoni.
Inaingia kwa mlango wa uani: ngozi.
Lakini ngozi nayo ina tabia zake.
Siku ya kwanza alilia hadi giza likaingia,
nami nikamlaani binti Rautiainen kwa jina la baba yake.
Kumbe ni kama ndoo ya mbao iliyokaa kavu mwaka mzima:
hunywa yenyewe kwanza, mbao zivimbe,
ndipo ikupe maji.

Kila baada ya siku tatu, saa mbili asubuhi,
nabandua cha zamani, nakikunja kijigandishe chenyewe,
nabandika kipya bega la pili,
nakiwekea kiganja nikihesabu hadi thelathini.
Ndiyo namna tunayoshikana sasa.

Kisha ikaja Jumamosi.

Sauna ni ya baba yake. Humo alizaliwa,
humo mama yake alioshwa maji ya mwisho.
"Nusu saa tu," alisema.
Nikasema joto hutanua mishipa,
na dawa ya kesho itataka kuingia leo.
"Basi kibandue."
Nikamwambia: hata nikikibandua, ngozi imeshaweka akiba,
moto utaikamua.
Akageukia ukuta. Miaka hamsini na mmoja ya ndoa
na sijawahi kushindwa na mgongo wa mtu kama ule.
"Nimekatazwa moto na stempu," aliuambia ukuta.

Nikatoka, nikapasua kuni mwenyewe, vibaya.
Nikamketisha chumba cha nje, cha kuvulia nguo,
koti la sufu, soksi mbili mbili, mlango katikati yetu.
Ndani, peke yangu, uchi, mzee, mjinga kidogo,
nikamwaga maji juu ya mawe.
Ssssss.
Kimya. Nikasikiliza pumzi yake: ipo, ipo, ipo.
Nikafungua mlango upana wa kidole,
ikapita harufu ya majani ya mbetula,
nikafunga.

"Tena," alisema.