Tarishi wa Mikrogramu Kumi

Umefika Tartu asubuhi, ndani ya sanduku la barafu kavu.
Nje mto Emajõgi umeganda hadi kwenye nguzo za daraja,
na kijana wa mizigo, pua nyekundu, akaniambia nitie sahihi,
kana kwamba ni viatu nimeagiza.

Nakuinua kwenye taa. Kichupa kitupu.
Mwaka wangu wa kwanza nilikitupa kimoja kama wewe
nikidhani tumetapeliwa. Profesa Vello hakunigombeza;
alinionyesha bei tu, akaenda kunywa kahawa.
Siku hizi nakuzungusha kwanza kwenye mashine
ushuke, maana hupenda kujibanza kwenye kifuniko.
Kisha maji, tone kwa tone.
Mjumbe hauawi, wanasema,
lakini wewe ukitikiswa tu umekufa.

Na waliokufinyanga ni bakteria,
wale wa utumboni, kwenye pipa la chuma lenye joto la homa.
Walipachikwa ukurasa mmoja wa kitabu cha mwili wa mtu
wakaukariri usiku kucha kama watoto wa chuoni,
sauti juu, maana hawaijui.
Kisha wakapasuliwa, wakachujwa, ukabaki wewe,
neno moja la kuiambia neva:
nyoosha mkono, usife.

Seli nilizokumiminia ni za panya.
Siku ya kwanza kimya. Duara, duara, kama kunde.
Ya pili, Pilvi ananiita kwenye hadubini,
hata glavu hajavua: moja imetoa uzi.
Ya tano nyuzi zimepishana, zinapapasa
kama watu wanaotafuta swichi umeme ukikatika.

Neno la mtu, limesemwa na bakteria,
limeitikiwa na panya.
Na mtu?

Baba yangu Heino yuko Võru. Alikuwa fundi saa.
Sukari imekula hisia za vidole vyake;
vifungo vya shati anavifunga kwa kuvitazama kwenye kioo.
Jumapili alishika birika la moto, akaendelea na hadithi yake.
Mimi ndiye niliyesikia harufu.

Kwenye lebo umeandikwa: ya binadamu.
Chini yake, kwa wino mwekundu:
si kwa matumizi ya binadamu.
Sababu naijua, hata wanafunzi nawafundisha.
Neno hilohilo likipazwa sauti
huitwa maumivu.

Leo tone moja limebaki kwenye ncha ya pipeti.
Nimelitazama muda mrefu kuliko inavyofaa.
Nimelitupa, pamoja na ncha yake, kwenye pipa la manjano.

Halafu nikapiga simu Võru.
Amekula. Viazi.
Akauliza, huko maabara mnafanya nini siku nzima?
Nikasema, tunakuza nyuzi.
Za kufumia?
Nikasema ndiyo, baba. Nyembamba sana.