Herufi ya Kwanza

Kazi imerudi asubuhi hii kutoka Leeds:
kijitabu cha wageni, kurasa kumi na mbili,
na kila penye Saragossa
mhariri mmoja kijana, Gethin kwa jina,
amepiga mstari mwekundu na kuandika pembeni:
La kizamani. Weka Zaragoza.

Mimi, Orosia Lasheras,
mwaka wa ishirini na tisa kwenye meza hii ya utalii,
dirisha likitikiswa na sierzo,
upepo wetu usiojua kupiga hodi,
nilifunzwa kinyume.
Bosi wangu wa kwanza, marehemu Don Belarmino, alikuwa akisema:
Mwingereza mpe jina alilolizoea,
la sivyo atashuka treni Barcelona.
Basi nikafuta Zaragoza, kwanza kwa wino mweupe,
baadaye kwa kidole kimoja kwenye kibodi.
Nimeufuta mji wangu mara elfu
ili wageni wauone.

Leo naambiwa niurudishe.
Nilidhani ningefurahi.

Nilimpigia mama simu. Alikuwa akimenya mashina ya boraha,
nikasikia kisu.
Akauliza: Wakiandika kwa S au kwa Z,
bili ya maji si itakuja tu?

Itakuja.
Na tuseme kweli, mji huu haujapata kuwa na jina lake.
Wa kale waliuita Salduie, na nani leo anaililia Salduie?
Akaja Kaisari akaubandika jina lake,
kama watu wanavyochora majina chini ya sufuria
ili isipotelee arusini.
Waarabu wakalitafuna likawa Sarakusta.
Kilichobaki ndicho tulichomeza sisi,
na makombo yakavuka bahari
yakawa Saragossa, jina lenye harufu ya kabati la bibi,
la ramani zenye nyangumi pembezoni.

Tena hata wakiliandika sawa, hawatalitamka.
Zedi yao ni ya nzi, ya zipu.
Yetu ulimi huchungulia kati ya meno
kama mtu aliyeanza kusema thamani
akakumbuka hana pesa.

Mwalimu wangu angeweza.
Bwana Thwaite, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifungo,
jina lake lenyewe lilianza na sauti ile ile.
Miaka kumi na tisa alinifunza Kiingereza,
koti moja, chai isiyo na sukari,
na kila siku: Saragossa hivi, Saragossa vile.
Nikamwambia, mwalimu, wewe ulimi unao, kwa nini?
Akasema lile lingine ni la wenyeji,
la waliozika mtu hapa.
Yeye ni mpangaji tu.

Nikawa nalipenda jina lake kwa siri.
Mji uliokuwa mdomoni mwa mtu mmoja,
wenye mto Ebro ule ule, tramu ile ile,
lakini humo nilikuwa na miaka ishirini
na nilikuwa nakosea vitenzi.

Februari ile, wodi ya tano, mirija puani,
alifumbua macho akauliza kwa Kihispania:
Zaragoza kuna upepo leo?
Ulimi mahali pake. Kati ya meno.
Nilisema upo.
Tulimzika Torrero, watu sita,
na maua yaliondoka na sierzo kabla ya padri.

Sasa nabonyeza: kubali. Kubali. Kubali.
Gethin ana haki, sina ugomvi naye,
pengine hajazaliwa Don Belarmino akistaafu.
Ukurasa wa tano, kubali. Wa nane, mara mbili.

Ukurasa wa tisa, chini ya picha ya daraja la mawe,
kwa herufi ndogo ambazo hakuna asomaye,
kuna moja.
Kishale kimesimama juu yake
tangu kahawa ilipokuwa ya moto.

Nimeipita.
Akiuliza, nitasema macho yangu si ya zamani.