Lozi

Walimlaza Raili ndani ya mtambo uliogonga-gonga kama fundi bati,
kule Oulu, theluji imeziba madirisha,
wakamsikilizisha sauti yake mwenyewe
iliyorekodiwa kiwandani, zamu ya usiku:
"Nani kaharibu? Nimeuliza, nani?"

Kisha wakamwonyesha picha.
Ndani kabisa ya ubongo, punje mfano wa lozi
ilikuwa imewaka nyekundu,
na kule mbele, penye kupima na kupanga,
giza, kama duka lililofungwa.
"Nani huyu anayeogopa hivi?"
"Ni wewe."

Jumatatu karatasi ikakatika tena, mashine ya tatu.
Veikko alisimama, kofia mkononi, macho kwenye viatu.
Ulimi wa Raili ulikwishachomoa wembe.
Akameza mate. Akavuta kiti, akaketi,
akawa yeye wa kutazama juu.
"Ulisikia nini kabla haijakatika?"

Kimya.
Hakukijaza.

Veikko akavaa kofia.
"Beringi," alisema. "Inalia wiki ya tatu leo.
Nilijua.
Nilikosa tu mahali pa kuliweka neno."